Imani ya wafanyabiashara Kenya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila mwanzo wa mwezi Stanbic Bank Kenya hutoa fahirisi ya PMI, namba inayoonyesha kama biashara za sekta binafsi zimepanda au zimeshuka kuliko mwezi uliopita, na mabishano huanza papo hapo. Namba ikipanda, wenye maduka huuliza uchumi huo umepanda mtaa gani. Ikishuka, kuna wanaotangaza kwamba nchi imekwisha. Mara nyingi pande zote mbili zinabishania namba ambayo hazijaambiwa imepatikanaje, na hilo linaniudhi, kwa sababu kuna watu wanaoagiza mzigo au kuchukua mkopo kwa kusikia kichwa cha habari tu.

Dhana: "PMI ikipita 50, uchumi uko vizuri"

Hii ndiyo inayopotosha wengi, kwa hiyo tuifungue polepole. Kampuni za sekta binafsi zipatazo 400, za kilimo, viwanda, ujenzi, jumla na rejareja na huduma, huulizwa: ukilinganisha na mwezi uliopita, oda mpya zimeongezeka, zimepungua au ziko vilevile? Hakuna anayeulizwa amepata shilingi ngapi.

Tuseme zimejibu kampuni 100. Thelathini zinasema oda zimeongezeka, 50 ziko vilevile, 20 zimepungua. Unachukua zile 30, unaongeza nusu ya zile 50, unapata 55. Hesabu hiyo hiyo hufanywa kwa uzalishaji, ajira, muda wa kuletewa bidhaa na akiba iliyoko ghalani, kisha vyote vinachanganywa kwa uzito tofauti: oda mpya asilimia 30, uzalishaji 25, ajira 20, muda wa kuletewa 15, akiba 10.

Kwa hiyo 50 maana yake ni kwamba, kwa jumla, mwezi huu haukutofautiana na ule uliopita. Kama ule uliopita ulikuwa mbaya, basi ubaya umeendelea vilevile. Julai 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipokuwa yamevuruga biashara, fahirisi ilianguka hadi 43.1. Agosti ikasoma 50.6. Aliyesema "tumerudi tulipokuwa" alikosea, maana Agosti ilipimwa dhidi ya Julai, mwezi ambao maduka mengi ya katikati ya Nairobi yalikuwa yakishusha milango kila maandamano yalipotangazwa. Mfano mkubwa zaidi ni wa 2020. Aprili, chini ya kafyu na marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa, fahirisi ilishuka hadi 34.8. Oktoba mwaka huo huo ikaruka hadi 59.1, namba ambayo Kenya haikuwa imewahi kuiona. Hata hivyo uchumi wa mwaka mzima ulisinyaa kwa asilimia 0.3. Namba zote mbili ni za kweli. Moja inapima mwendo wa mwezi mmoja, nyingine inapima mwaka mzima.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi kwenye habari. Muda wa kuletewa bidhaa husomwa kinyume: bidhaa zikichelewa, fahirisi inasukumwa juu, kwa kudhaniwa kwamba wauzaji wamezidiwa na oda. Nyakati za kawaida hilo lina mantiki. Lakini barabara zikifungwa, lori lililokwama njiani linaweza kuipandisha namba huku mwenye mzigo akihesabu hasara.

Dhana: "Wanaoulizwa ni matajiri, haituhusu"

Nusu ya malalamiko haya ni haki. Utafiti wa 2016 wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na takriban milioni 5.8 kati yake hazikuwa na leseni. Mama mboga na fundi wa jua kali wa Kamukunji hawamo katika zile kampuni 400, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa.

Lakini kusema haiwahusu ni kosa. Kampuni kubwa ikiingiwa na wasiwasi, mdogo huuona wasiwasi huo kwanza kwenye masharti ya mkopo wa mali, kabla hata ya bei. Chukua duka la hadiwea ambalo limezoea kuletewa mabati na simiti na kulipa baada ya siku 30. Mwezi mmoja msambazaji anasema siku 14. Mwezi unaofuata anataka pesa taslimu kabla lori halijashusha. Mwenye duka naye anaufunga mkopo aliokuwa akiwapa mafundi, mafundi wanaacha kuchukua kazi ambazo mteja hajalipia malipo ya kwanza, na nyumba iliyofika kwenye linta inasimama. Bei ya bati haijabadilika hata shilingi. Ukifanya biashara ndogo, siku hizo za mkopo ndizo za kuchungulia kila mwezi, na ukiziona zinapungua, punguza oda zako mapema.

Dhana: "Shilingi imepata nguvu, bei zishuke kesho"

Mapema 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Serikali ilipouza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 mwezi Februari ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, hofu ilipungua, na katika miezi michache dola ikawa karibu 130. Bei za madukani hazikufuata kwa kasi hiyo. Mali iliyo kwenye rafu ilinunuliwa kwa dola ya zamani, iliyo baharini vilevile, na mwingizaji anayehofu kwamba shilingi itaanguka tena hashushi bei hadi auze mzigo wa ghali.

Dhana: "Wafanyabiashara wakilia, CBK hushusha riba na mkopo unakuwa rahisi"

Kabla ya mikutano ya Kamati ya Sera ya Fedha, inayopanga riba, CBK (Benki Kuu ya Kenya) huwauliza wakuu wa kampuni na mabenki maoni yao. Majibu yao ni sehemu tu ya yanayopimwa. Linalotawala ni mfumuko wa bei, ambao lengo lake ni asilimia 5, na nafasi ya 2.5 juu au chini. Agosti 2024 riba ya CBK ilitolewa asilimia 13 hadi 12.75 kwa kuwa mfumuko ulikuwa umetulia. Ilipofika Desemba ilikuwa 11.25, lakini wastani wa riba za mabenki ulikuwa bado umezidi asilimia 16, na CBK yenyewe ililalamika hadharani.

Dhana: "Matarajio ni maombi tu"

Swali la kama uzalishaji utakua katika miezi 12 ijayo huulizwa peke yake na jibu lake haliingii kwenye PMI. Ndiyo maana namba kuu inaweza kupita 50 huku matumaini yakiwa haba. Wanaotarajia kukua kwa kawaida hutaja sababu za kushikika: tawi jipya, bidhaa mpya, matangazo. Tena matarajio huzaa matendo, kwa kuwa anayeona giza mbele haajiri mtu leo. Ila si ahadi. Kampuni zilizojibu mwanzoni mwa 2020 zilipanga mwaka wao bila kujua kwamba Machi ingekuja na kafyu.

Ripoti itakayotoka mwezi ujao, ipite namba kuu usome kuhusu ajira na gharama za pembejeo, yaani vitu ambavyo biashara hulipia ili ifanye kazi, kisha uweke miezi mitatu pamoja.