Jaribio kigeugeu ni nini?

Jaribio kigeugeu ni lile linalopita asubuhi na kufeli mchana, wakati hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa programu. Kwenye soketi za mtandao, yaani ncha ambazo programu mbili huzitumia kuwasiliana, yamejaa tele, hasa yale yanayopima jinsi programu inavyopokea makosa.

Tuseme seva inafunga muunganisho, mteja anaandika, na jaribio linatarajia EPIPE, kosa la kuandika kwenye muunganisho uliokwisha kufungwa. Kwako linapita mara mia. Likiendeshwa kwenye mashine iliyoelemewa na kazi, linaleta ECONNRESET, kosa la muunganisho kukatwa ghafla na upande wa pili, au halileti kosa lolote. Wala si hitilafu ya Linux. Seva ikishafunga, mteja akiandika mara ya kwanza kwa kawaida anakubaliwa: data inaingia kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, naye anaambiwa sawa. Hapo ndipo upande wa pili unapojibu kwa pakiti ya RST, yaani ya kukata muunganisho, na akiandika tena baada ya hapo anapata EPIPE. Lakini kama seva ilifunga kukiwa na data iliyoipokea bila kuisoma, RST hutoka papo hapo, na mteja anakutana na ECONNRESET. Yote mawili ni sahihi. Inategemea nani kamuwahi nani.

Wengi hukimbilia kuongeza subira ya milisekunde 100. Ni kujaza maji kwenye pakacha. Siku mashine ikizidiwa, 100 hazitoshi. Ukipandisha hadi 500, majaribio 200 yanakula sekunde 100 za kukaa bure.

Afadhali tukio ulisababishe mwenyewe. Unataka ECONNRESET? Kabla seva haijafunga, washa SO_LINGER, mpangilio wa soketi unaoamua isubiri kiasi gani inapofunga, kwa muda wa 0: ikifunga, inatuma RST bila kuaga, na mteja aliyekuwa akisubiri kusoma analipata kosa hilo. Na kama unachopima hasa ni programu kuunganisha upya, pima hilo, ukubali kosa lolote kati ya hayo mawili.

Kwa ECONNREFUSED, kosa la mteja kukataliwa kuunganishwa, usibuni namba ya poti ukiomba isiwe na mwenyewe. Ifungamanishe soketi na poti 0 (kwa bind) ili kerneli ikuchagulie iliyo wazi, uulize ni ipi kwa getsockname, halafu usiite listen, amri ya kuanza kupokea wateja. Poti imeshikwa, hakuna programu nyingine itakayoidandia, na kila anayebisha hodi anakataliwa.