Namba ya Q na umri wa gari la kujiundia nchini Uingereza

Nchini Uingereza yapo magari ya michezo ambayo hayatoki kiwandani yakiwa kamili. Mnunuzi huletewa chasisi, bodi ya faiba na masanduku ya vipuri, kisha huviunganisha mwenyewe gerejini kwake kwa miezi au hata miaka, mara nyingi akitumia injini, giaboksi na difu alizozitoa katika gari kuukuu alilolinunua makusudi ili alichinje. Gari la namna hiyo likikamilika huzuka swali ambalo mwenye gari la kawaida hana haja ya kujiuliza: hili ni gari la mwaka gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua namba ya usajili, na anayelijibu si mwenye gari bali DVLA, mamlaka ya usajili wa magari na leseni yenye makao yake Swansea, Wales.

Desturi hii ya kujiundia ilikuzwa na kodi. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa gari dogo lililo wazi, Lotus Seven, ambalo liliuzwa pia kwa vipande kwa sababu kodi ya manunuzi ya wakati ule ilitozwa kwenye gari kamili na si kwenye vipuri. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza mwaka 1973 mwanya huo ukazibwa, na mwaka huohuo haki za kuliunda gari hilo zikaingia mikononi mwa Caterham, ambayo hadi leo huliuza likiwa kamili au likiwa kwenye masanduku. Tangu hapo anayejiundia gari hafanyi hivyo kwa kukwepa kodi, bali kwa kuipenda kazi yenyewe, na namba ya usajili imekuwa mojawapo ya mambo yanayomuumiza kichwa kuliko hata umeme wa gari.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza kujua namba ya Uingereza inasema nini. Tanzania, herufi za mwisho kwenye namba kama T 123 ABC hufuata zamu ya usajili, kwa hiyo Toyota iliyotengenezwa Japani mwaka 2007 ikisajiliwa leo hupata herufi za leo, na anayeiona barabarani hawezi kuujua umri wake kwa kusoma namba tu. Uingereza mambo ni tofauti, kwa kuwa namba hutaja umri wa gari. Tangu Septemba 2001 namba huwa na herufi mbili za eneo, tarakimu mbili za umri na herufi tatu za kutofautisha, na tarakimu zile hubadilika mara mbili kwa mwaka, hivi kwamba 15 ni gari la kuanzia Machi 2015 na 65 ni la kuanzia Septemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo, kuanzia 1983, herufi moja ya mwanzo ndiyo iliyobeba umri, na kati ya 1963 na 1983 ilikuwa herufi ya mwisho. Hata gari lililotumika likiingizwa kutoka nje hupewa namba inayolingana na umri wake. Ipo pia kanuni moja isiyolegezwa: gari halivalishwi namba inayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulizeesha kwa namba ya zamani inaruhusiwa.

Sasa mtu ana chasisi iliyochomelewa mwaka jana, injini ya Mazda MX-5 ya miaka ya tisini, viti vipya na magurudumu aliyoyapata kwenye skrepa. Umri wa gari hilo ni upi? DVLA imeligawa suala hili kwa kuangalia vipande vikuu vimetoka wapi na kama mwenye gari anaweza kuthibitisha anachokisema.

Njia iliyo nyepesi kueleza ni ya gari lililoundwa kwa vipuri vipya vitupu kutoka kwa mtengenezaji wa mikusanyo ya vipuri vya kuunganisha. Gari hilo ni jipya kisheria, nalo hupata namba ya mwaka wa usajili kama gari lolote lililotoka dukani. Huruhusiwa kipande kimoja kilichokarabatiwa badala ya kuwa kipya, mradi uwepo ushahidi kwamba kimerudishwa katika hali ya upya kwa viwango vya mtengenezaji wake. Kipande kimoja tu. Mtu aliyeagiza kila kitu kipya akaamua kubana matumizi kwa kununua injini kuukuu pamoja na giaboksi kuukuu ameshatoka nje ya njia hii, hata kama vyote viwili vinang'aa.

Njia ya pili ni ya anayebakisha chasisi ya asili, au bodi ya asili kwa magari ambayo bodi yake ndiyo chasisi, bila kuikata wala kuibadilisha, pamoja na vipande vikuu viwili vingine vya gari lilelile, kisha akalivika bodi mpya ya kimichezo. Hapo namba ya zamani hubaki palepale, kwa sababu machoni pa sheria gari halikuzaliwa upya, limebadilishiwa nguo.

Wajenzi wengi, hasa wa magari yanayofuata umbo la Lotus Seven, huangukia njia ya tatu. Chasisi ni mpya kutoka kwa mtengenezaji anayehusika na kazi hiyo, na vipande vikuu visivyopungua viwili vimetoka katika gari moja lililochinjwa. Vipande vikuu ni injini, giaboksi, mfumo wa stelingi, ekseli, na springi pamoja na shokapu za mbele na nyuma. Gari hilo hupewa namba ya umri wa gari lililochinjwa, kwa hiyo gari lililokamilika mwaka 2020 kwa vyuma vya Ford Sierra ya 1988 litatembea na namba yenye herufi ya mwanzo ya wakati ule. Hapa maneno ya kuzingatia ni "gari moja". Injini ya Sierra na ekseli ya Escort hazihesabiwi kuwa viwili vya gari moja, japo zote ni Ford na zote zinafungana vizuri.

Asiyetimiza masharti hayo, ama kwa sababu vipande vimekusanywa huku na huko, ama kwa sababu namba ya gari lililochinjwa haijulikani, hupewa namba inayoanza na herufi Q. Herufi hiyo iliingizwa katika kazi hii mwaka 1983, na haimo katika mfululizo wa herufi za miaka. Kazi yake ni kumwambia kila anayeiona kwamba umri au asili ya gari hili haikuweza kuthibitishwa. Wako wanaoiona Q kama adhabu au kama doa. Kwa maoni yangu hiyo si haki: mnunuzi wa kesho anastahili kujua kwamba vyuma anavyovinunua havina historia ya maandishi, na Q humweleza hivyo kwa herufi moja tu, bila kumtuhumu mtu yeyote kwa udanganyifu.

Hata hivyo madhara yake yapo. Gari lenye Q haliruhusiwi kubadilishiwa namba na kuwekewa namba binafsi, yaani zile namba ambazo watu hununua kwa sababu zinafanana na majina yao, na namba ya Q yenyewe haihamishiki kwenda gari jingine. Baadhi ya kampuni za bima huuliza maswali zaidi, na bei ya kuuzia mara nyingi hushuka ikilinganishwa na gari pacha lenye namba ya umri. Mtu mwenye namba binafsi aliyoitunza kwa ajili ya gari lake la ndoto anaweza kuipoteza nafasi ya kuitumia kwa sababu ya risiti moja aliyoitupa.

Ndiyo maana namba huamuliwa tangu siku ya kununua gari la kuchinja, kabla ya boliti ya kwanza kufungwa. Anayenunua gari hilo alichukue pamoja na kadi yake, ambayo Uingereza huitwa V5C, na ahakikishe kwamba namba ya chasisi na ya injini zilizoandikwa humo ndizo zilizomo garini. Apige picha za gari likiwa zima, likiwa limefunguliwa nusu, na za kila kipande kikuu kikitolewa na kikifungwa kwenye chasisi mpya, namba zake zikisomeka. Risiti za chasisi na bodi zitunzwe zote. Injini yenye kadi yake iliyonunuliwa kwa bei ya juu kidogo ina faida kuliko ile ya bei ya kutupa inayouzwa bila kadi, na wanaoifuata ya pili huja kulipia tofauti hiyo baadaye.

Kabla ya usajili gari hupita katika ukaguzi wa IVA, yaani ukaguzi wa gari mojamoja, unaofanywa na DVSA, wakala wa viwango vya madereva na magari. Ukaguzi huu ulichukua nafasi ya ule wa SVA mwaka 2009. Wakaguzi hupima breki, taa, stelingi, moshi, kelele na hata ukali wa kingo zinazochomoza kwenye bodi, maana ukingo unaoweza kumgusa mtembea kwa miguu sharti uwe na mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Huangalia pia nafasi ya kibao cha namba cha nyuma na taa yake, ingawa siku hiyo gari bado halina namba. Wengi hulipeleka likiwa juu ya trela. Likifaulu, cheti chake hutumwa Swansea pamoja na fomu ya usajili wa mara ya kwanza, fomu ya V627/1 inayoeleza vipande vilivyotumika, ushahidi wa asili yake, na ada ya usajili ya pauni 55.

Namba ikishatoka, inabaki kazi ya kuibandika, na hapa umbo la gari la michezo hugombana na sheria. Kanuni za mwaka 2001 za uonyeshaji wa namba zinataka kibao cheupe mbele na cha njano nyuma, kama ilivyo Kenya, kikiwa na herufi nyeusi zenye kimo cha milimita 79 na upana wa milimita 50, isipokuwa tarakimu 1 na herufi I. Nafasi kati ya herufi ni milimita 11, kati ya mafungu mawili ni 33, na ukingo wa pembeni usipungue 11. Ukizijumlisha kwa namba ya kawaida ya herufi na tarakimu saba, kibao cha mstari mmoja hakiwezi kuwa kifupi kuliko milimita 460, na kile kinachouzwa kila mahali kina 520 kwa 111. Sasa tazama pua ya gari lenye umbo la Lotus Seven: ni nyembamba, ya mviringo, na sehemu kubwa yake ni tundu la kupitishia hewa ya rejeta. Kibao cha 520 kikisimamishwa mbele ya tundu hilo huzuia hewa na injini huchemka, kikishushwa chini hukwaruza barabara.

Mjenzi mwenye akili hutumia mistari miwili. Kwa fungu la kwanza lenye vitu vinne, upana unaohitajika hushuka hadi milimita 255, na kimo hupanda hadi 199, kwa kuwa kati ya mistari huachwa milimita 19. Kisichoruhusiwa ni kupunguza herufi. Vibao vyenye herufi za milimita 64 vipo, lakini ni vya pikipiki na vya baadhi ya magari yaliyoingizwa kutoka nje ambayo muundo wake haupokei kibao cha kawaida. Gari lililoundwa gerejini mwa mtu huko Yorkshire halijaingizwa kutoka popote. Kibao kinatakiwa kisimame wima, au kikaribie wima kadiri inavyowezekana kwa busara, jambo linalowapa nafuu kidogo wenye bodi zilizolala, ila si ruhusa ya kukilaza juu ya boneti.

Kibao chenyewe hutengenezwa na muuzaji aliyesajiliwa, ambaye huomba kitambulisho pamoja na uthibitisho wa kumiliki namba hiyo. Vilivyofungwa kuanzia Septemba 2021 ni lazima vifuate kiwango cha BS AU 145e na vionyeshe jina na msimbo wa posta wa muuzaji. Kukiuka kanuni za kibao kunaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000, na gari hushindwa ukaguzi wa kila mwaka wa MOT.

Wanaoumia zaidi ni wenye nakala za AC Cobra, gari la miaka ya sitini. Bodi, rangi, mabomba ya moshi ya ubavuni na kila kitu kinadai kibao cheusi chenye herufi za fedha, na kibao hicho huruhusiwa tu kwa gari lililotengenezwa kabla ya 1 Januari 1980 na kuandikishwa katika daraja la magari ya kihistoria. Nakala iliyoundwa mwaka 2015 juu ya chasisi mpya haimo humo, hata ikiwa injini na giaboksi zake zimetoka katika Jaguar ya 1974 na namba yake ina herufi ya mwisho ya mwaka ule. Wapo wanaokifunga kwa siku ya maonyesho, gari likiwa limesimama uwanjani, kisha wakarudisha kile cha njano kabla ya kuingia barabarani.