Ukitaka kujua kama shule inalinda watoto, omba daftari

Wazazi wanapokuja kuitazama shule kabla ya kumwandikisha mtoto, macho huenda kwenye ukuta, geti na mlinzi. Siwalaumu, maana hivyo ndivyo vinavyoonekana. Mimi nikiitwa kuikagua shule ya msingi kwa upande wa ulinzi wa watoto, naomba kwanza daftari la taarifa za wasiwasi. Ni mahali ambapo mwalimu, mpishi, dereva au mfanya usafi anaandika jambo aliloliona kwa mtoto likamkosesha amani. Nikilikuta tupu muhula mzima, katika shule yenye mamia ya watoto, naanza kuwa na hofu. Mambo yapo, ila hakuna anayeyaandika.

Mtu asiyejulikana anayeruka ukuta ni hatari ya kweli, na geti lazima lifungwe. Lakini watoto wengi wanaoumizwa huumizwa na mtu wanayemfahamu: mzazi, ndugu, jirani, mtoto mkubwa zaidi, wakati mwingine mtumishi wa shule yenyewe. Mtu huyo hana haja ya kuruka ukuta. Na mtoto wa miaka saba mara nyingi hana maneno ya kueleza anachofanyiwa, au ametishwa asiseme, au anadhani ndivyo maisha yalivyo kwa kila mtoto. Kwa hiyo habari zake hutoka vipande vipande, tena kwa watu tofauti. Mwalimu wa darasa anamwona anasinzia kila asubuhi. Mpishi anaona Jumatatu anakula kama hajala tangu Ijumaa. Dereva anaona akifika kituo chake anakuwa wa mwisho kushuka. Kila kipande kikikaa peke yake kina maelezo yake ya kawaida, na kila mtu mzima ana sababu nzuri ya kunyamaza. Vikiandikwa mahali pamoja, mtu mmoja akavisoma kwa mfuatano, vinasema jambo jingine kabisa.

Kuna kisa cha Uingereza ninachokitumia karibu kila ninapofundisha walimu, kwa sababu kila aliyehusika alikuwa na kipande chake. Machi 2012 mtoto wa miaka 4 alifariki mjini Coventry baada ya miezi ya kupigwa na kunyimwa chakula nyumbani. Alikuwa ameanza shule. Pale shuleni watu wazima walimwona akiokota chakula kwenye mapipa na kuchukua cha wenzake. Mama yake aliwaeleza kwamba ana tatizo la kula kupita kiasi, wakamwamini. Alama za majeraha zilionekana pia. Ripoti ya mapitio ya kisa hicho, iliyotolewa 2013, ilionyesha kuwa yaliyoonekana hayakuandikwa kwa utaratibu wala kuunganishwa. Kuna jambo jingine katika ripoti hiyo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: haikupatikana kumbukumbu ya mtaalamu yeyote kuzungumza na mtoto mwenyewe kuhusu maisha yake ya nyumbani. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Waliongea na mama, wakaongea wao kwa wao, naye akabaki bila kuulizwa.

Ndiyo maana nasisitiza namna ya kuandika, hata walimu wanaponiona msumbufu. Chukua maandishi haya mawili, ya kubuni, kuhusu mtoto yuleyule.

La kwanza: «Mtoto anaonekana anapigwa nyumbani. Familia ina matatizo.»

La pili: «Jumanne, saa 4:20 asubuhi, darasani. Alipovua sweta niliona alama mbili za mviringo nyuma ya mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kila moja kama ncha ya kidole gumba. Nilimuuliza: Hapa pamekuwaje? Akasema: Mjomba alinishika nikimwaga maji. Akaendelea kuchora. Sikuuliza zaidi. Nimempa taarifa mwalimu msimamizi wa ulinzi wa watoto saa 4:45.» Chini yake jina kamili la mwandishi na sahihi.

La kwanza ni hukumu. Afisa ustawi wa jamii hana pa kuanzia nalo, na mbele ya hakimu halisimami hata dakika moja. La pili lina saa, mahali, upande wa mwili, swali lililoulizwa na jibu kwa maneno ya mtoto. Mwandishi hakukisia umri wa jeraha kwa kuangalia rangi yake, na amefanya vizuri, kwa sababu rangi ya alama ya kuvilia damu haitoi jibu la kuaminika kuhusu siku ilipotokea. Hakumvua mtoto nguo kutafuta alama nyingine. Hakumpiga picha kwa simu yake. Kama shule ina mchoro wa mwili wa mtoto, mbele na nyuma, aweke alama pale alipoona jeraha, basi.

Mahali pa jeraha penyewe ni habari. Watoto wa umri huu hukimbia na kuanguka, na mwili wao huumia pale unapogonga kwanza: magoti, muundi, viwiko, kipaji cha uso. Alama kwenye masikio, shingo, mashavu, mgongo, makalio au upande wa ndani wa mapaja zinahitaji maelezo, na maelezo yafanane na jeraha. Sisemi kila alama ya namna hiyo ni ukatili. Nasema iandikwe siku hiyohiyo, kabla hujaenda nyumbani.

Sasa, mtoto akija mwenyewe kukuambia. Hapa ndipo watu wazima wenye nia njema huharibu mambo, kwa haraka au kwa hofu. Mtoto huwa hasemi yote mara moja. Anatupa neno dogo na kukutazama uso: ukishtuka, ukikasirika, ukisema «haiwezekani», anafunga mdomo, na huenda asiufungue tena kwa miaka. Kaa chini, uwe sawa na urefu wake. Tulia. Msikilize mpaka anyamaze mwenyewe. Ukilazimika kuuliza, tumia swali lisilobeba jibu ndani yake: «Niambie zaidi», «Ikawaje?» Ukimuuliza «Ni baba alikufanyia hivyo?» umemwekea jibu mdomoni, na siku kesi ikifika mahakamani, wakili wa upande wa pili ataanzia kwenye swali lako. Usimwahidi kwamba utaficha siri. Mwambie mapema, kwa upole, kuwa kuna mtu mmoja au wawili utakaolazimika kuwaambia ili asaidiwe. Mwambie kuwa amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake. Kisha acha. Kazi ya mwalimu ni kupokea na kupeleka. Upelelezi una wenyewe, na kumhoji mtoto mara nne na watu wanne ni kumuumiza upya.

Mtoto asiyeijua vizuri lugha ya shule atafutiwe mtu mzima wa kumtafsiria ambaye hana uhusiano na familia yake. Kaka au dada yake asipewe kazi hiyo hata kidogo. Huenda naye anaishi katika hofu ileile. Na kwa watoto wenye ulemavu, tafadhali ongezeni macho. Mapitio ya tafiti yaliyofadhiliwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2012 yalionyesha kuwa uwezekano wao wa kufanyiwa ukatili ni karibu mara 4 ya watoto wengine. Mabadiliko ya tabia zao huelezwa haraka mno kwa kusema «ni ile hali yake tu». Mtoto asiyeongea naye ana namna ya kukataa: anakakamaa akishikwa na mtu fulani, analia siku fulani tu. Hayo nayo yaandikwe.

Taarifa ikishaandikwa lazima iwe na pa kwenda. Kila shule iwe na mwalimu mmoja anayejulikana kwa jina na sura kuwa ndiye msimamizi wa ulinzi wa watoto, na mwingine wa kushika nafasi yake akiwa hayupo. Mpishi na dereva wamjue pia, maana mara nyingi wao ndio wanaosikia ya kweli. Msimamizi huyo ndiye anayesoma vipande pamoja na kuamua kama suala liende ustawi wa jamii au polisi. Mtoto akiwa katika hatari ya leo, hakuna kusubiri kikao. Na pale mzazi ndiye anayeshukiwa, usimpigie simu kumuuliza kabla ya kushauriana na mamlaka: unaweza kuwa unamrudisha mtoto nyumbani kwa mtu aliyeshaonywa.

Swali ambalo shule nyingi hazipendi kuulizwa ni hili: je, anayetuhumiwa akiwa mwalimu mwenzetu, au mwalimu mkuu? Lazima jibu liwepo kwenye maandishi kabla halijahitajika. Tuhuma dhidi ya mtumishi huenda kwa mwalimu mkuu. Dhidi ya mwalimu mkuu huenda juu yake, kwa bodi au mamlaka ya elimu, na kila mtumishi awe na namba ya simu ya nje ya shule anayoweza kupiga bila ruhusa ya mtu. Kumaliza mambo «kifamilia», mtuhumiwa akaandikiwa barua nzuri ya kuhamia shule nyingine, ni kuwakabidhi watoto wa huko hatari ambayo sisi tumeikimbia. Nalisema kwa uchungu kwa sababu hufanyika. Anayeajiri naye asiridhike na cheti cha kutokuwa na makosa: hicho kinaonyesha tu kuwa mtu hajahukumiwa. Apige simu kwa mwajiri wa mwisho, aulize moja kwa moja kama angemwajiri tena kufanya kazi na watoto, na aulize kuhusu miaka iliyorukwa kwenye wasifu.

Kuhusu majengo, zoezi ninalolipenda ni la karatasi na kalamu za rangi mbili. Wape watoto wa kila darasa ramani rahisi ya shule, wapake kijani wanapojisikia salama na nyekundu wanapoogopa. Usiwaulize majina. Walimu hutarajia kuona nyekundu barabarani na getini. Watoto hupaka vyoo, ngazi, nyuma ya jengo, foleni ya chakula, na wakati mwingine ofisi fulani. Choo hasa. Mtoto anayeogopa choo huacha kunywa maji, anabana siku nzima, anaumwa tumbo, na mwalimu anadhani anakwepa somo la hesabu. Dawa yake huwa rahisi: milango yenye komeo linalofanya kazi, vyoo vya wadogo vitengwe na vya wakubwa, mtu mzima awe karibu wakati wa mapumziko. Lakini hakuna angejua bila kuwauliza.

Naongeza fimbo, kwa sababu haiwezekani kuzungumzia ulinzi tukairuka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto, na ibara ya 19 inataka alindwe na kila aina ya ukatili akiwa kwa yeyote anayemlea. Ukiacha sheria, kuna sababu ya kikazi: mtoto anayepigwa na mwalimu hatamwendea mwalimu huyo kumweleza kwamba anapigwa nyumbani, au kwamba ameshikwa vibaya. Kila kiboko kinapunguza kinachoandikwa daftarini.

Mwisho, uhamisho. Familia inayojua imeanza kutiliwa shaka mara nyingi huhama, na shule mpya hupokea mtoto mwenye ripoti ya masomo na picha mbili. Kumbukumbu za ulinzi zisifungwe pamoja na ripoti hiyo, wala asipewe mzazi kuzibeba. Msimamizi ampigie simu msimamizi mwenzake wa shule inayopokea, amweleze yaliyomo, kisha bahasha iliyofungwa ikabidhiwe mkono kwa mkono na mpokeaji atie sahihi. Na kama mtoto ameondoka bila shule yoyote kuuliza habari zake, hilo lenyewe ni taarifa ya kupeleka ustawi wa jamii siku hiyohiyo.