Faragha ya mgonjwa si siri ya mgonjwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la malipo katika zahanati moja. Juu ya dirisha palikuwa na karatasi iliyofunikwa nailoni, imebandikwa kwa salatepu pembe zote nne: HAPA TUNATUNZA SIRI ZA WAGONJWA. Chini ya karatasi hiyo hiyo mhudumu akainua kichwa, akaangaza watu tuliojaa kwenye benchi, akauliza kwa sauti: "Wa kipimo cha mimba ni nani? Njoo uchukue risiti yako."

Binti mmoja aliyevaa dera la kijani akainuka. Kila mtu alijifanya anatazama simu yake.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia yule mhudumu, taratibu tu: dada yangu, na lile tangazo? Akanijibu bila kinyongo, "Hiyo si siri kaka, majibu bado hayajatoka."

Jibu lile limenikaa kichwani, kwa sababu hakuwa na nia mbaya na, kwa maana ya neno alilobandikiwa pale juu, hakukosea. Siri kwake ni majibu. Majibu hayajatoka, basi hakuna kilichovuja. Kosa liko kwenye neno, nami nimelisikia likitumika hivyo kwenye semina, redioni na kwenye fomu za kila aina, mpaka nimechoka.

Tuimalize maana haraka. Faragha ya mgonjwa ni kauli yake juu ya mwili wake na taarifa za afya yake: nani azijue, azijue kiasi gani, na kwa kazi gani. Siri, au kutunza siri, ni wajibu wa yule ambaye ameshaambiwa. Faragha ni ya mgonjwa, siri iko mikononi mwa mhudumu. Na nywila ya kompyuta, kufuli la kabati la mafaili na kamera ya korido ni jambo la tatu, ulinzi wa taarifa, ambalo watu wa kompyuta hupenda kuliita faragha ili mradi wauze mitambo yao.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na pengine ndiyo maana tunayachukulia kama mapacha. Siri ni sirr, na haikubadilika sana njiani. Ni jambo lililofichwa, lina anayelijua na asiyelijua, kama ile siri ya mtungi ambayo tunaambiwa tumuulize kata. Faragha imetoka mbali zaidi. Mzizi wake ni utupu. Kwa Kiarabu chombo kisicho na kitu ni farigh, na faragh ni nafasi iliyobaki wazi, pamoja na wakati usio na shughuli. Aliyepita chuo cha Kurani analijua neno hili tangu utotoni, liko mwishoni mwa sura ya Alam Nashrah: faidha faraghta fansab, yaani ukishamaliza shughuli zako, jitaabishe. Na iko hadithi ya Mtume katika mkusanyo wa Bukhari inayotaja neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, nazo ni afya na faragha. Afya na faragha zimekaa jamvi moja! Ningependa sana kuishika hiyo kama ushahidi wangu, lakini haki itendeke: faragha ya pale ni nafasi ya muda, haihusiani na pazia la hospitali.

Kiswahili ndicho kilicholitoa neno kwenye muda kikalipeleka mahali. Kwetu mtu huitwa kando, faragha, wazee wa posa hukaa faragha, na mwenye jambo lake huomba azungumze faraghani. Waarabu wa leo, wakitaka kusema haya tunayoyasema hapa, hutumia neno jingine kabisa, khususiya, ndugu wa mahususi na hususani zetu. Kwa hiyo faragha hii tuliyonayo tumeifinyanga wenyewe, na ule utupu wa zamani bado umo ndani yake. Ni uwazi unaoachwa kumzunguka mtu ili wengine wasimkaribie bila kukaribishwa.

Ukitaka kuona kwamba ni vitu viwili, sikiliza vitenzi vyake. Siri huvuja, hutolewa, hufichuka. Faragha huingiliwa. Hakuna Mswahili anayesema faragha imevuja, labda awe anatafsiri. Waandishi wa Katiba ya Tanzania walilisikia hilo vizuri: ibara ya 16 inaitwa "Haki ya faragha na ya usalama wa mtu", na inapozungumzia mipaka yake inasema haki hiyo yaweza kuingiliwa kwa utaratibu wa sheria.

Kuingiliwa hakuhitaji siri. Mimba ya miezi minane si siri ya mtu, mtaa mzima umeiona, na mama mkwe ameshanunua kanga. Bado mama akipanda kitandani kliniki mkunga anavuta pazia kabla ya kumshika tumbo. Pale pazia linaficha nini? Haliogopi chochote kujulikana. Linampa mama nafasi yake. Kinyume chake ni benchi la nje ya kliniki ya CTC, pale wanapochukulia dawa watu wanaoishi na VVU. Kwenye hospitali nyingi ina mlango wake na siku zake, na jirani akikuona umeketi pale na bahasha yako, hahitaji nesi wa kumwambia kitu. Faili liko kabatini, muuguzi hajafungua mdomo, siri imetunzwa kwa uaminifu wote, na faragha haipo. Ndiyo sababu wapo wanaopanda mabasi mawili kufuata dawa wilaya nyingine.

Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, kwa nia ya kuboresha huduma. Watetezi wa haki za afya wakafungua kesi. Swali halikuwa kama serikali ingevujisha majina ya watu hao. Swali lilikuwa kwa nini jina la mtoto na hali yake viandikwe kwenye mstari mmoja tangu mwanzo. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha iliyo katika ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya, akaamuru taarifa zilizokwisha kukusanywa zigeuzwe kuwa namba ndani ya siku 45, zisiweze kumfikisha mtu kwenye jina. Kwa mtu anayedhani faragha ni siri, hukumu ile haieleweki. Nani alitoa siri ya nani?

Na sheria mpya zimefuata njia hiyo. Kenya ilitunga yake mwaka 2019, na ya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, na zote zinaanza mapema kabla siri haijazaliwa: kusanya unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, usizidishe. Niliwahi kujaza fomu ya kupima macho iliyoniuliza dini na kabila. Sijui jicho la Mzigua linasoma ubaoni tofauti na la Msambaa. Nilijaza, maana foleni ilikuwa ndefu, na hadi leo sina ushahidi kwamba kuna aliyeisambaza ile fomu. Haikuwa na haja ya kusambazwa ili kunikera.

Lipo jingine linalonisumbua kuhusu tangazo la siri. Neno lenyewe linamwambia mgonjwa kwamba alichonacho ni cha kufichwa. "Kupima ni siri" hubandikwa kwa wema, na anayelisoma huondoka akijua kuna aibu mahali. Neno faragha halimtuhumu mtu. Pazia la mkunga halijawahi kumwambia mama kwamba mimba yake ni ya aibu.

Kwa hiyo, dada yangu wa dirishani, ile karatasi sikuombi uitoe. Ni ahadi yenu na ni nzuri, endeleeni kuitimiza majibu yakitoka. Ila siku mkipata karatasi nyingine na salatepu iliyobaki, andikeni chini yake: "Tunaita kwa namba. Tafadhali subiri benchini mpaka mwenzako amalize." Na lile benchi, kama fundi atapatikana, lisogezwe hatua tatu nyuma. Pale lilipo, magoti ya anayesubiri yanagusa mgongo wa anayelipa.