Je, wajua? Kuta za Ukumbi wa Marumaru wa Melk si za marumaru

Abasia ya Melk, yaani monasteri inayoongozwa na abate, imejengwa juu ya jabali linalotazama mto Danube, nchini Austria. Wamonaki wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa katika abasia za Peramiho na Ndanda nchini Tanzania, wapo hapo tangu 1089. Majengo yanayoonekana leo, mazuri mno kwa mtindo wa Baroko, ule wa Ulaya wenye mapambo mengi, yalianza kujengwa mwaka 1702 wakati wa Abate Berthold Dietmayr. Msanifu wake, Jakob Prandtauer, alifariki 1726, na Joseph Munggenast akaimalizia kazi mwaka 1736.

Humo ndani mna chumba cha kukaribishia wageni wakubwa, na kinaitwa Ukumbi wa Marumaru. Marumaru ya kweli ipo kwenye fremu za milango na mapambo yaliyo juu yake. Kuta zenyewe, zenye mishipa ya rangi kama jiwe lililochimbwa mlimani, ni jasi.

Inatengenezwaje? Unga wa jasi huchanganywa na maji yenye gundi ya wanyama, na gundi hiyo huichelewesha jasi isigande haraka, fundi apate muda wa kufanya kazi. Hutiwa rangi, ikakandwa kama unga wa chapati. Fundi hukanda madonge kadhaa, kila moja na rangi yake, kisha huyabananisha pamoja bila kuyachanganya sana. Akikata vipande, rangi zinatokea zikiwa zimepindana, na hiyo ndiyo mishipa ya "jiwe". Vipande hubandikwa ukutani. Vikikauka huparuzwa, matundu yakazibwa, ukuta ukasuguliwa kwa mawe laini tena na tena, kisha ukapakwa mafuta au nta hadi ung'ae. Jicho halitambui tofauti. Kiganja kinaitambua: marumaru huvuta joto la mkono upesi, ndiyo maana huwa baridi ukiigusa. Jasi haina ubaridi ule.

Msomaji atasema abate alikuwa anabana matumizi. Sidhani. Kazi ya kusugua namna hiyo hula siku nyingi na hutaka mafundi bingwa. Faida yake iko kwingine. Mlima hukupa rangi zilizomo ndani yake tu, lakini fundi wa jasi hutengeneza waridi au kijani anachokitaka, akaufuatisha ukuta uliopinda bila kiungo kuonekana, na hakuna mabamba mazito ya kupandisha.

Dari lake ndilo hunishangaza zaidi. Lilichorwa 1731, na limepinda kidogo sana, karibu liwe bapa. Lakini ukisimama katikati ya ukumbi unaona nguzo na kuta zikiendelea kupanda juu, kisha mbingu iliyo wazi, na Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, akipita kwa gari linalokokotwa na simba. Athena na wenzake ni kazi ya Paul Troger. Majengo yale ya uongo yalichorwa na Gaetano Fanti, mtu wa Bologna, mji uliokuwa na mabingwa wa kazi hiyo.

Siri yake ni hesabu ya mahali mtazamaji anaposimama. Mchoraji huchagua nukta moja sakafuni, kisha kila mstari wa nguzo anauelekeza kufuatana na jicho lililo kwenye nukta hiyo. Andrea Pozzo, mtawa wa Kijesuiti (shirika la Kikatoliki) aliyechora kuba bandia katika kanisa la Sant'Ignazio huko Roma na baadaye akahamia Vienna, alieleza mbinu yake: tandaza wavu wa kamba chini ya dari, weka taa pale jicho litakapokuwa, kisha fuata vivuli vya kamba vinavyoangukia dari. Pale vivuli vilipofifia, kamba iliyovutwa kutoka nukta ile ilitumika badala yake.

Mbinu hiyo ina udhaifu, na Pozzo alilaumiwa kwa ajili yake: ondoka kwenye nukta, nenda pembeni, na nguzo zinaanza kulala kana kwamba jengo linaanguka. Yeye aliona si kosa kumtaka mtazamaji asimame mahali pamoja.

Kanisani Melk hakuna haja ya kutafuta nukta ya kuionea kuba. Ile ni kuba ya kweli, ina kimo cha mita 64, na Johann Michael Rottmayr aliijaza mbingu ya watakatifu.