"Fundi, Si Inazunguka?" na Mengine Ninayoambiwa Kuhusu Feni za PC

Wiki hii tu nimeshaambiwa mara nne. Mtu kabadilisha feni mwenyewe nyumbani, sawa, hongera, lakini mashine bado inachemka, gemu linaanza freshi halafu baada ya dakika kumi na tano linaanza kukwamakwama, ananiletea. Namuuliza umegusa nini? Nimeweka feni mpya. Umeiwekaje? "Fundi, si inazunguka?" Anawasha kabisa anionyeshe. Kweli inazunguka, na mataa ya rangirangi yanawaka.

Jamani, kuzunguka siyo kupooza. Panga boi likifungwa waya kinyume nalo linazunguka vizuri tu, kaa chini yake uone kama utapata upepo. Feni ya PC kazi yake ni kuhamisha hewa, kuitoa hapa kuipeleka pale, kwahiyo swali la kwanza siyo inazunguka au haizunguki, swali ni hewa inaenda wapi.

Kuna dogo kaja na mashine ya prosesa ya Ryzen 5 3600, ina hitisinki (kile chuma kinachonyonya joto la prosesa) ile ndefu ya mnara. Feni ya zamani ilikuwa inakoroma, akaitoa akaweka mpya. Akiingia kwenye gemu prosesa inapanda hadi nyuzi 95, ambao ndio mwisho wake, ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, basi FPS (idadi ya picha kwa sekunde) zinadondoka. Yeye alishajiaminisha GPU, yaani kadi ya picha, ndo imekufa na alikuwa ameanza kuulizia bei ya nyingine, hebu fikiria hiyo hela. Mimi dukani huwa nina udi, siyo wa kunukia peke yake, ni kifaa cha kazi ule. Nikawasha njiti nikaisogeza mbele ya feni. Moshi ulitakiwa uvutwe uingie kwenye hitisinki utokee nyuma, badala yake ukanipuliza usoni. Feni kaifunga kinyume, inavuta hewa kuileta mbele, wakati ile ya nyuma ya keisi inavuta kwenda nyuma, na za mbele zinaingiza, yaani zinavutana kamba. Nikachomoa vile vibanio, nikaigeuza, nikafunga, hata dakika tano hazikufika. Gemu lilelile, nyuzi 72.

Kujua upande ni rahisi. Angalia feni, upande mmoja mapanga yako wazi, upande wa pili kuna vile vimikono vya plastiki vinavyoshika mota na mara nyingi stika iko hapo. Hewa inaingia upande ulio wazi inatokea upande wa vimikono. Siku hizi zimeingia na zile za mapanga yaliyogeuzwa, za watu wanaotaka sura nzuri ionekane kwenye kioo, hizo ni kinyume, kwahiyo kama fremu ina mshale fuata mshale, kama haina washa udi, na kama huna udi hata kipande cha tishu kinatosha.

Halafu namuuliza mtu, ulinyanyua hitisinki? "Kidogo tu." Hakuna kidogo! Ukishaitikisa ikaachia, ile pesti inayokaa kati yake na prosesa imeshaingia hewa katikati, unatakiwa ufute yote kwa spiriti pande zote mbili upake mpya, tone la ukubwa wa punje ya choroko au zaidi kidogo, siyo kusiriba kama unapiga plasta. Na kama umenunua hitisinki mpya kabisa, toa ile nailoni ya chini. Msicheke, nimeshaitoa kwenye mashine za watu wazima na akili zao, na huko nako feni ilikuwa inazunguka.

Wa upande wa pili ndo hawa: "inazunguka lakini mashine inasema CPU Fan Error (hitilafu ya feni ya prosesa) bonyeza F1, kwahiyo feni uliyoniuzia ni feki." Feki vipi wakati inazunguka? Waya wa tatu wa feni hausukumi kitu, unapeleka taarifa tu, unaiambia mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, nazunguka mara ngapi kwa dakika. Kama umechomeka kwenye SYS_FAN au CHA_FAN, ambazo ni soketi za feni za keisi, au umeunga moja kwa moja kwenye waya wa pawa saplai, ile soketi ya feni ya prosesa, CPU_FAN, haisikii chochote, inaona feni haipo. Hamishia CPU_FAN yaishe. Kama iko hapohapo na bado inalalamika, huenda feni ni kubwa na inazunguka polepole, kuna mazabodi zinaona chini ya 600 kwa dakika ni feni imekufa, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi unayoifungua mashine inapowaka) ushushe hicho kiwango kiwe 300 au 200. Usiweke Ignore, yaani ipuuze. Nakuomba usiweke Ignore, maana siku feni ikifa kweli hakuna atakayekuambia.

"Iko fulu muda wote, inalia kama jenereta, ni mbovu." Hapana, hiyo ni ya pini tatu umeichomeka kwenye soketi ya pini nne. Inaingia na inafanya kazi, ila mazabodi inajaribu kuiendesha kwa PWM, yaani kuipa amri ya spidi kupitia waya wa nne, ambao feni hiyo haina, kwahiyo inakula volti 12 zote. Ingia BIOS ubadilishe soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC, yaani kupunguza spidi kwa kushusha volti, itatulia.

Wenye zile Dell na HP za ofisini za mtumba, mkatia GPU mkazifanya za gemu, nyie mna kesi yenu. Nyingi plagi zake za feni siyo za kawaida, kuna za pini tano, kuna ambazo waya zimepangwa tofauti. Usilazimishe kwa koleo. Njoo na feni ya zamani mkononi tuilinganishe, picha ya simu hainisaidii.

Feni za GPU hazizunguki ukiwa kwenye desktopu? Ndivyo zilivyotengenezwa, nyingi zinasimama kadi ikiwa ya baridi. Fungua gemu, kama imefika nyuzi 70 na bado zimesimama, hapo sasa tuongee.

Kufungua ubavu wa keisi na kuweka feni ya mezani pembeni, sawa, joto litapungua, na vumbi la mwezi utalivuna kwa wiki. Na usinipigie simu eti prosesa iko nyuzi 42 haifanyi kitu, chumba chako chenyewe hapa Dar mchana wa Februari kina 32, feni haina friji ndani, haiwezi kushusha joto chini ya lile la hewa inayoivuta.

Mataa: plagi ya ARGB (kila taa na rangi yake) ni volti 5, ya RGB ya zamani (zote rangi moja kwa wakati) ni 12, zinafanana kwa mbali. Ukiichomeka ya 5 kwenye 12 taa zinakufa hapohapo, na hiyo sibadilishi wala sirudishi hela.

Na aliyeweka mafuta ya alizeti kwenye feni ili iache kukoroma, nimeiona. Ilinyamaza siku tatu, halafu mafuta yakashika vumbi yakawa gundi. Ukikwama kabisa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika litakuvusha wiki kadhaa, ila kama imeshaanza kukoroma anza kutafuta nyingine, na pima kwanza, ya milimita 120 haiingii kwenye matundu ya 92.