Ndege wahamaji hawangoji kaskazi: dhana potofu kuhusu wageni wa Julai hadi Septemba

Dhana: Ndege wa ng'ambo hufika pwani ya Kenya Desemba, pamoja na upepo wa kaskazi.

Wa kwanza hufika kusi bado inavuma. Kuanzia mwisho wa Julai hadi Agosti, matope ya Mida Creek kule Watamu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini huwa tayari yana vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, waliotoka Siberia. Mfano mzuri ni yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kwa chini, Calidris ferruginea. Dume lake haliatamii mayai; yakishatagwa, huanza safari mapema Julai. Majike hufuata, na makinda huja mwisho, wengi wao Septemba na Oktoba. Kwa hiyo ukiona Agosti kitwitwi huyu akiwa na mabaka mekundu ya rangi ya tofali tumboni na manyoya yaliyochakaa ncha, huyo ni mkubwa aliyetoka kuzaliana. Kinda hana wekundu huo: mgongo wake una mistari safi ya magamba na kifua chake kimepauka.

Dhana: Makinda huongozwa na wazazi wao.

Kwa vitwitwi wengi, mzazi ameshaondoka wiki kadhaa kabla. Kinda husafiri akitumia mwelekeo aliorithi. Ila pwani yetu ina ndege anayekwenda kinyume na desturi hiyo, na anastahili kutazamwa kwa subira: mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi. Huzaliana katika mashimo ya mchangani kandokando ya Rasi ya Arabu, Oman ikiwemo, na hutaga yai moja tu. Kinda lake, lenye rangi ya kijivu, huja na mzazi hadi huku na huendelea kulishwa kwa miezi. Utamwona akiwa ameinamisha kichwa, akilia mfululizo nyuma ya mkubwa, hadi apewe kaa.

Dhana: Mhamaji aliyebaki huku Juni ni mgonjwa.

Mara nyingi ni kijana tu. Sululu na wenzake wenye umbo kubwa hawazaliani mwaka wa kwanza, hivyo hawana sababu ya kurudi kaskazini. Kama anatembea, anakula na anaruka vizuri, usimkamate "kumsaidia".

Dhana: Wote wanatoka Ulaya.

Hapana. Kati ya Aprili na Septemba, makundi ya ndege aitwaye Glareola ocularis hukaa Sabaki. Hao wanatoka kusini, Madagaska, wanakozaliana, na hurudi huko wakati wale wa Siberia wakiendelea kuwasili.

Dhana: Mbayuwayu kwenye waya ni dalili kwamba wahamaji wamefika.

Angalia koo na kifua kwanza. Mhamaji, Hirundo rustica, ana koo jekundu na mkanda mweusi kifuani. Makinda wa Septemba wana koo lililopauka na mkia mfupi. Mwenye utosi wa rangi ya kutu na kifua cheupe kitupu ni mwenyeji, yupo mwaka mzima, hasa karibu na madaraja.

Dhana: Alfajiri ndiyo saa bora ya kuwaona.

Msituni, ndiyo. Kwenye matope, tazama maji kwanza. Yakipwa kabisa, ndege hutawanyika mbali kiasi cha kutotambulika. Fika masaa mawili au matatu kabla hayajajaa, jua likiwa mgongoni, usimame mahali pamoja; maji yanayopanda yatawasogeza kwako. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, matope hufunikwa haraka na ndege hukusanyika sehemu moja ya kupumzika, jambo linalorahisisha kuhesabu. Maji mafu, yaani yasiyojaa sana, huacha matope wazi hapa na pale, na hesabu hupungua bila ndege kupungua. Usiwakurupue: ndege aliyetoka Siberia amekonda, na kila kuruka bure humla mafuta aliyobakiwa nayo.

Katika kumbukumbu yako andika tarehe, hali ya maji, idadi, na wangapi ni wakubwa, wangapi makinda. Ndege akiwa na pete au bendera za rangi miguuni, andika mguu upi na mpangilio wa rangi kutoka juu kwenda chini. Usipoona kitu, andika sifuri. Bila sifuri ya Julai, tarehe ya mgeni wa kwanza wa Agosti haiaminiki.